Shimla, McLeod Ganj au Darjeeling? Siku nne, mji mmoja

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliye Delhi mwenye siku nne mkononi: mwanafunzi aliyefunga muhula, mfanyabiashara aliyemaliza kuagiza mzigo, ndugu aliyemsindikiza mgonjwa na mgonjwa keshapata nafuu. Anataka kupanda Himalaya akutane na watu na mila zao, asiishie kupiga picha za theluji. Miji mitatu ndiyo hutajwa kila mara, na kwenye ramani huonekana jirani. Lakini barabara za milimani hupimwa kwa saa. Kilomita 70 hivi kutoka uwanja wa ndege wa Bagdogra hadi Darjeeling hula saa tatu, na foleni ikikaza kwenye mji mdogo wa Ghum, karibu na Darjeeling, zinakuwa nne. Mipango mingi huharibikia hapo: mtu anapanga miji miwili kwa siku nne, anaishia kuyajua mabasi kuliko mahekalu.

| | Shimla | McLeod Ganj | Darjeeling |
|---|---|---|---|
| Jimbo | Himachal Pradesh | Himachal Pradesh | West Bengal |
| Mwinuko | mita 2,200 hivi | mita 2,000 hivi | mita 2,050 hivi |
| Kutoka Delhi | treni mbili, saa 10. Au gari, saa 8 | basi la usiku, saa 10 hadi 12 | ndege saa 2, kisha gari saa 3 hadi 4 |
| Utakachokuta | majengo ya dola ya Kiingereza, reli, soko | Watibeti walio uhamishoni | chai, Wagorkha (watu wa asili ya Nepal), Ubudha |
| Siku mbaya | Jumatatu | Jumapili | Alhamisi, Jumapili na Jumatatu |
| Usiku wa kulala, uchache | 2 | 2, mbali na wa ndani ya basi | 3 |

Mwinuko usikutishe. Shimla iko juu sawa na Limuru, na mkazi wa Nairobi au Njombe hataona tofauti ya pumzi. Kinachoangusha watu ni kona. Anayetapika njia ya Lushoto atatapika na hapa, kwa hiyo dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa kabla ya mlima kuanza. Ukishaanza kutokwa na jasho jembamba umechelewa.

Shimla: mji wa makarani na treni

Kuanzia 1864 Shimla ilikuwa makao makuu ya kiangazi ya serikali ya Waingereza nchini India. Joto la Kolkata likizidi, mafaili, makarani na familia za maofisa vilipandishwa mlimani, na kwa miezi kadhaa bara zima lilitawaliwa kutoka kwenye mgongo mmoja wa mlima. Mpaka leo mji umekaa hivyo: Ridge na barabara ya Mall juu, kwa waliokuwa mabwana, Lower Bazaar chini yake, yenye vichochoro vya ngazi, kwa waliouza, waliobeba na waliofua.

Kitu cha kwanza cha kuona ni njia yenyewe ya kufikia. Reli ya Kalka hadi Shimla ilifunguliwa 1903: kilomita 96, mahandaki 102, madaraja zaidi ya 800. Upana wake ni milimita 762, wakati reli ya zamani ya Mombasa, iliyojengwa miaka michache tu kabla yake kwa mikono ya vibarua wengi kutoka Punjab, ni 1,000. Inaanzia mita 656 na kukomea mita 2,076, mwendo wa kilomita 25 kwa saa au pungufu, na UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia 2008. Handaki la Barog, namba 33, lina mita 1,143. Treni husimama stesheni iliyo mdomoni mwake na abiria hushuka kununua katleti na chai.

Utaratibu ni huu. Treni ya haraka ya asubuhi, Shatabdi, hutoka New Delhi saa 1:40 na kufika Kalka kabla ya saa sita mchana. Treni ndogo inayoipokea huondoka muda mfupi baadaye na kuingia Shimla jioni. Ratiba hubadilika, hivyo ithibitishe kabla ya kulipa, na kumbuka tiketi huandika 07:40 kwa saa za India, zilizotangulia Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Kukata tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, na viti vya treni ndogo ndivyo huisha mwanzo. Usinunue ya Delhi hadi Kalka ukidhani ya juu itapatikana tu. Ukiikosa, panda basi au teksi kutoka Kalka. Ushauri wetu: panda kwa treni, shuka kwa gari. Saa tano za mahandaki zinafurahisha mara moja.

Kosa la pili ni hoteli. Magari hayaruhusiwi Mall wala Ridge. "Karibu na Mall" huweza kuwa ngazi 200 chini yake, na begi la kilo 23 halijui ngazi. Uliza hoteli swali moja: kutoka mlangoni hadi Mall ni ngazi ngapi? Ipo lifti ya umma ya kulipia kutoka Cart Road, na wapo wapagazi, wengi wao Wakashmiri, watakaobeba begi mgongoni kwa kamba. Patana bei kabla mzigo haujainuliwa.

Siku yako moja nzima igawe sehemu mbili. Asubuhi nenda Viceregal Lodge, kilomita 4 hivi magharibi ya Ridge, jumba la 1888 ambamo Waingereza na viongozi wa India walikutana 1945 kujadili utawala wa nchi (mkutano wa Simla). Leo ni taasisi ya utafiti. Ndani huingii peke yako: unakata tiketi ya kundi lenye mwongozaji, na wikiendi foleni huwa ndefu. Jumatatu limefungwa, na jumba la makumbusho la jimbo, lenye michoro midogo ya Kipahari iliyochorwa kwa brashi ya nywele chache, nalo limefungwa siku hiyohiyo. Mchana shuka Lower Bazaar ule siddu: mkate wa ngano uliochachushwa, umejazwa ndani jozi (walnut) za kusagwa au dengu nyeusi, ukapikwa kwa mvuke na kumwagiwa samli. Jioni, kama kuna onyesho, ingia Gaiety Theatre ya 1887.

Hekalu la Hanuman, mungu nyani wa Wahindu, kilele cha Jakhu, mita 2,455, lina sanamu ya futi 108 na nyani wenye kazi yao. Nyani hukaa ukutani akikupa mgongo kana kwamba hana habari nawe. Ukipita, mkono mmoja unatua begani, wa pili unang'oa miwani, naye keshapanda mti. Muuza njugu aliye karibu atamrushia kifurushi, miwani itaanguka, na wewe utalipa njugu. Vua miwani, kofia na vipuli chini kabisa, na simu iwe mfuko wa ndani.

Kwa haki: ukitaka utamaduni unaoishi leo, Shimla ni ya tatu kati ya hii mitatu. Mall imejaa wapumzikaji wa Delhi na Chandigarh wakila aiskrimu. Ukipenda historia ya utawala, majengo na reli, hakuna inayoikaribia.

McLeod Ganj: mji wa walio uhamishoni

Dharamshala ni mji wa bondeni. McLeod Ganj uko juu yake, na huko ndiko unakokwenda. Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, aliondoka Tibet 1959, akahamishiwa hapa 1960, na nyuma yake wakafuata watawa, wachoraji, waganga, walimu na wauza sweta. Kata tiketi ya basi linalofika McLeod Ganj kabisa. Yapo yanayokomea chini, nawe ukabaki kutafuta teksi alfajiri. Kuna kebo ya kupandia kutoka Dharamshala iliyoanza 2022, lakini saa kumi na mbili asubuhi haijafunguliwa.

Mabasi ya serikali ya jimbo hutoka kituo cha Kashmere Gate, ya binafsi mengi hutoka Majnu-ka-tilla, mtaa wa Watibeti Delhi. Yote huondoka jioni. Chagua kiti cha mbele ya gurudumu la nyuma, maana saa tatu za mwisho ni kona tupu. Ndege ipo hadi Gaggal, lakini njia yake ya kurukia ni fupi, ndege ni ndogo, na wingu likishuka safari inaahirishwa. Njia ya kati ni treni ya usiku hadi Pathankot kisha kilomita 90 hivi za teksi: polepole kidogo, ila unalala umenyooka.

Hekalu kuu, Tsuglagkhang, linakabili makazi ya Dalai Lama. Usifike ukitarajia kumwona. Husafiri, na kiangazi mara nyingi huwa Ladakh. Siku za mafundisho hutangazwa mapema kwenye tovuti yake rasmi. Zikikuangukia, jiandikishe siku mbili tatu kabla kwenye ofisi ya usalama iliyopo Bhagsu Road ukiwa na pasipoti na picha ndogo, kisha nenda na vitu vinne: mto wa kukalia, kikombe (watawa hupita wakimimina chai ya siagi), kofia, na redio ndogo ya FM yenye vipokea sauti, kwa sababu tafsiri hurushwa kwa redio. Simu na kamera huzuiwa getini. Ukizibeba utarudi hotelini kuziacha na nafasi yako itakaliwa.

Bila mafundisho mji hauwi mtupu. Nenda uani kwa hekalu mchana, wakati watawa wanafanya mdahalo. Mmoja amekaa chini, mwenziye amesimama. Aliyesimama anauliza, anainua mkono wa kulia juu ya bega, anapiga mguu wa kushoto chini na papo hapo viganja vinagongana mbele ya uso wa aliyekaa, pa! Jibu linatakiwa hapohapo. Likiyumba, waliozunguka wanacheka na kupiga kelele. Ni mtihani wa mantiki wa karne nyingi, na huhitaji kujua Kitibeti kuona nani anashindwa. Kaa pembeni, usipite katikati yao, usipige picha ya uso wa mtu bila kumwomba.

Asubuhi na mapema zunguka Lingkhor, njia ya msituni inayozunguka hekalu na makazi. Chini ya saa moja inatosha. Tembea mkono wako wa kulia ukielekea kwenye hekalu, kama mshale wa saa, na magurudumu ya sala uyazungushe vivyo hivyo. Utakutana na wazee wenye tasbihi wanaokwenda kasi kuliko wewe. "Tashi delek" inatosha kusalimia.

Siku ya pili iwe ya Norbulingka, taasisi ya sanaa iliyoanzishwa 1988 bondeni, kama dakika 45 kwa teksi. Hapa ndipo pa kuelewa kwa nini thangka halisi, mchoro wa kidini wa Kitibeti kwenye kitambaa, ina bei yake. Kitambaa cha pamba kinashonewa kwenye fremu kwa uzi, kinapakwa gundi na chokaa, kinasuguliwa hadi kiwe laini kama karatasi. Kisha mistari ya vipimo huchorwa kwa penseli, kwa sababu mwili wa Buddha una uwiano usiobadilishwa na mchoraji. Rangi hutokana na mawe yaliyosagwa, bluu na kijani zikitangulia mbinguni na ardhini. Dhahabu hufuata, na macho huachwa mwisho kabisa. Zile za bei poa unazoona barabarani ni chapa za mashine: ukigeuza kitambaa, nyuma ni peupe, na mbele nukta za wino zinaonekana ukikuza kwa kamera ya simu. Karakana hufungwa Jumapili, na ukifika siku hiyo utaona bustani nzuri na viti vitupu.

Kanisa la St. John in the Wilderness la 1852, alikozikwa Lord Elgin, mtawala wa Waingereza nchini India, liko njiani kushuka, nusu saa. Triund, mlimani juu ya mji, ni ya wapanda milima na hula siku nzima, iache.

Darjeeling: chai, na mengine yanayoizunguka

Darjeeling haiko upande wa Delhi hata kidogo. Iko mashariki, kati ya Nepal, Sikkim na Bhutan. Kwa ndege ni saa mbili hadi Bagdogra. Kwa treni kutoka Delhi ni zaidi ya siku nzima, hivyo kwa siku nne treni haimo. Aliye Kolkata hesabu yake ni nyingine: treni ya usiku ya Darjeeling Mail inamfikisha New Jalpaiguri asubuhi, na kwake huu ndio mji wa karibu kuliko yote.

Kutoka chini, jipu (jeep) za abiria hufanya kazi kama daladala: haijajaa, haiondoki, na kujaa ni watu kumi. Wenyeji wanaotaka kupumua hulipia viti viwili vya mbele. Treni ndogo maarufu, ya 1881, kilomita 88 kwa reli ya milimita 610, hupanda kwa zaidi ya saa saba; usiifanye ndiyo usafiri wako. Kata safari fupi ya Darjeeling–Ghum–Darjeeling, saa mbili pamoja na kusimama kwenye mzunguko wa Batasia na stesheni ya Ghum, mita 2,258, iliyo juu kuliko stesheni zote za India. Injini ya dizeli ni kama rupia 1,000, ya mvuke 1,500 hivi. Kiti cha behewa la kwanza kinamaanisha masizi kwenye shati.

Sasa chai. Msomaji wa Kericho, Limuru au Mufindi anadhani anaijua, na hapo ndipo penye raha ya ulinganisho. Chai yetu nyingi ni ya jamii ya Assam, majani mapana, yanayopondwa na kuchanwa na mashine hadi kuwa chembe. Inatoa rangi haraka na inataka maziwa. Darjeeling mimea mingi ni ya asili ya China, majani madogo, na jani halipondwi. Linatandazwa usiku kucha kwenye mabeseni marefu ya wavu huku feni ikipuliza chini yake mpaka lilegee, ndipo linaviringishwa kwa mashine ya sahani mbili, linaachwa libadilike rangi, kisha linakaushwa kwa hewa ya moto. Kikombe kinatoka rangi ya asali nyepesi. Ukikitia maziwa umekiua. Kipimo: kijiko kimoja cha chai, gramu 2 hadi 2.5, kwa mililita 200 za maji yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka, dakika 3, toa majani. Dakika 6 inakuwa chungu na mtu analaumu chai.

Mavuno ya kwanza huanza mwishoni mwa Februari hadi Aprili, ya pili Mei na Juni, kisha ya mvua, halafu ya vuli Oktoba na Novemba. Desemba hadi katikati ya Februari mimea imelala na viwanda vimenyamaza; anayekwenda Januari kuona chai ataona vichaka. Jumapili wachumaji hupumzika, hivyo Jumatatu mashine nyingi hazina jani. Ukinunua, taka pakiti iliyofungwa yenye jina la shamba, jina la mavuno na nembo ya Bodi ya Chai ya mwanamke aliyeshika jani. Mashamba yanayoruhusiwa kuitwa Darjeeling ni 87 tu, na chai ya Nepal huuzwa kwa jina hilo bila haya.

Mengine yapitie kwa mpango wa siku. Taasisi ya upanda milima iliyoanzishwa 1954, alikofundisha na alikochomewa maiti Tenzing Norgay, mmoja wa wawili wa kwanza kufika kilele cha Everest, iko ndani ya bustani ya wanyama yenye panda wekundu, Alhamisi hufungwa. Kituo cha wakimbizi wa Kitibeti cha 1959, chenye wafumaji wa mazulia, hufungwa Jumapili. Kwenye Hekalu la Mahakal, Observatory Hill, utamwona kasisi wa Kihindu na mtawa wa Kibudha wakihudumia patakatifu pamoja.

Tiger Hill, kilima cha kutazamia jua likichomoza, je? Madereva watakuamsha saa tisa usiku, maana Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Msururu wa magari ni mrefu, na ukungu ukiwepo unarudi na baridi tu. Njia inayozunguka nyuma ya Chowrasta, uwanja wa katikati ya mji, inaonyesha Kangchenjunga, mita 8,586, bila gari. Toka alfajiri, na mlima ukiwa wazi hapo ndipo uamue kesho yake kwenda juu.

Chakula, karatasi na majira

Momo, zile kama sambusa za mvuke, ziko kote. Kwa Mwislamu, McLeod Ganj na Darjeeling nyama ya nguruwe ni ya kawaida na sufuria huwa moja. Sema za mboga, au tafuta hoteli za Waislamu karibu na msikiti wa Jamia, upo Shimla na Darjeeling. Maneno yatakusaidia kidogo: chai, chapati, duka, gari, rangi na laki vinaeleweka, hata kama matamshi yanayumba.

Hoteli inatakiwa kuandikisha kila mgeni wa nje kwa fomu C. Nyumba ndogo za bei poa nyingi hazifanyi hivyo na zitakukataa usiku mlangoni hata kama umelipa mtandaoni. Piga simu kabla, na uliza pia kama hita ya chumba iko ndani ya bei. Malipo ya simu ya UPI yamezoeleka kama M-Pesa, lakini kwa kawaida yanataka akaunti ya benki ya India, basi beba noti ndogo. Aliyetokea Kenya, Uganda, Burundi au Kongo awe na kadi ya homa ya manjano iliyochanjwa siku 10 kabla. Asipokuwa nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Kutoka Darjeeling usikurupuke kuingia Sikkim, kunahitaji kibali cha pekee.

Likizo zetu zina bahati mbaya. Juni miji yote mitatu inafurika watu wanaokimbia joto la Delhi. Julai na Agosti ni mvua za masika yao: Dharamshala ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi India, na Agosti 2023 maporomoko yaliacha reli ya Shimla ikining'inia hewani karibu na Summer Hill. Oktoba na Novemba ndiyo miezi bora kwa yote. Desemba Darjeeling ina anga safi, McLeod Ganj ni tulivu, Shimla ina baridi karibu na sifuri na bei za sikukuu.

Namna ya kupanga siku

Siku za katikati ya wiki hushinda kote. Shimla: toka Delhi Jumanne kwa treni, Jumatano na Alhamisi asubuhi mjini, shuka Alhamisi mchana kabla ya watu wa wikiendi kupanda. McLeod Ganj: basi la Jumatatu usiku, Jumanne Tsuglagkhang, Jumatano Norbulingka, Alhamisi Lingkhor alfajiri na basi la jioni. Darjeeling: panda ndege Jumatatu, Jumanne na Jumatano ndizo siku ambazo kila kitu kiko wazi, Alhamisi asubuhi treni ya Ghum, kisha teremka.

Mwenye usiku mbili tu asihangaike, Shimla. Anayetaka kukaa na watu, McLeod Ganj. Darjeeling ni ya mwenye usiku tatu kamili na nauli ya ndege. Na vyovyote utakavyochagua, ndege ya kurudi nyumbani iwe ya siku inayofuata baada ya kushuka, maana jipu moja likipinduka kwenye kona, wote walio nyuma yake wanasubiri kreni ifike kutoka chini.